Betri Haijaitwa Kazini

Mwezi wa sita hapa Mafinga, wilayani Mufindi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu unakaa chini kiasi kwamba ukitoka nje unaona mstari wa kwanza wa miparachichi, wa pili unaukisia, wa tatu unauamini tu kwa sababu uliupanda mwenyewe. Asubuhi za namna hiyo ndizo nilizokuwa naketi juu ya kiti cha chuma kilicholowa umande, naingiza ufunguo, nageuza, na kusikia: ta.

Mara moja. Ta, halafu kimya. Nageuza tena. Ta. Jirani yangu huwa anakamua ng'ombe saa hizo hizo upande wa pili wa uzio, na ilifika mahali akawa ananijibu. Trekta likisema ta, yeye anapaza sauti bila kuinua kichwa, "Bado, mwalimu!"

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata, maana nimefundisha kanuni ya Ohm, ile ya umeme, miaka kumi na minne.

Trekta lenyewe si lile mnalolifikiria. Ukimwambia mtu wa huku kwetu trekta, anaona Massey Ferguson jekundu linavuta jembe kwenye shamba la mahindi. Hili langu ni trekta la bustani, Cub Cadet ya miaka ya 1960, kimo chake hakinifiki kifuani hata nikilipima na usukani. Kampuni ya Marekani ya International Harvester, hao hao waliotengeneza malori na matrekta makubwa, ilianza kuyauza mwaka 1961 kwa watu wenye viwanja vikubwa vya nyasi, na kiwanda chake kilikuwa Louisville, Kentucky. Injini ni Kohler ya silinda moja, ya petroli. Watoto wa shule wakipita wanaliita mtoto wa trekta. Lilifikaje Mufindi? Nililinunua kwenye uwanja wa nyumba fulani ya wageni waliokuwa wanarudi kwao, limefunikwa turubai chini ya mikaratusi, na aliyekuwa anauza alishalipulizia rangi mpya ya njano, nzito, inayong'aa. Nikiri: ile rangi ndiyo iliyoninunulisha. Nitairudia.

Kazi yake kwangu ni kupita kati ya mistari ya parachichi na tela dogo la samadi au mapipa ya maji, mahali ambapo trekta kubwa lingevunja matawi. Likiwaka, ni zuri mno. Likigoma, ni mimi na toroli.

Jambo jingine mtakalolijua mkimiliki mashine ya Kimarekani ya umri huo ni kwamba spana zenu hazifai. Bolti zake ni za inchi. Spana ya 13 inacheza kwenye nati ya nusu inchi, maana nusu inchi ni milimita 12.7, na kucheza huko kidogo kidogo kunaila nati mpaka inakuwa duara. Mafundi wawili walishaila nati ya kibano cha betri kabla sijapata akili ya kutafuta seti ya inchi kwa wauza vyuma chakavu.

Sasa tuje kwenye ta.

Fundi wa kwanza alikuja na mita ya kidijitali, akaweka ncha mbili kwenye betri, ikasoma 12.4. Akasema betri imechoka. Nikanunua mpya, laki moja na elfu sitini, nikaichaji usiku kucha, asubuhi mita ikasoma 12.6, nikageuza ufunguo. Ta. Fundi wa pili akasema solenoidi, na kwa kweli ukisikia ta ni rahisi kuituhumu solenoidi, kwa kuwa mlio wenyewe unatokea mle: ufunguo unapeleka umeme mdogo kwenye koili ya solenoidi, koili inavuta chuma, chuma kinabana sahani ya shaba ili umeme mkubwa upite kwenda kwenye stata, ile mota ya kuzungushia injini. Ta ni chuma kikifika. Tukabadilisha. Ta ya sasa ilikuwa ya mlio mzuri zaidi, basi. Fundi wa tatu akafungua stata, akakuta kaboni zimelika, akachonga kaboni za stata ya gari jingine kwa tupa mpaka zikaenea. Kazi safi kabisa, sina neno nayo. Trekta likazunguka nusu raundi, likaguna, likasimama.

Sitaji mtu, na wala sina kinyongo. Kila mmoja alibadilisha kitu ambacho kweli kingeweza kuharibika. Shida ni kwamba hakuna aliyepima kitu kikiwa kinafanya kazi, na mimi mwenye kanuni ya Ohm nilikuwa nimesimama pale pale nashika tochi.

Nadhani najua kwa nini. Fizikia nafundisha kwa Kiingereza. Naandika ubaoni kwa Kiingereza, wanafunzi wanakariri kwa Kiingereza, kengele ikilia tunaiacha darasani pamoja na chaki. Nikiwa uani, kwa Kiswahili, umeme tunauita moto, na moto ni moto tu: upo au haupo. "Betri ina moto?" "Inao." Basi, tumemaliza. Hakuna aliyeuliza moto ule unaishia wapi.

Shemeji yangu ndiye aliyeniambia kuhusu mzee mmoja upande wa Kinyanambo, fundi umeme wa magari aliyestaafu, ambaye ujana wake wote uliishia chini ya malori ya chai na ya mbao. Nikampigia. Akaniuliza swali moja tu kwenye simu: "Lina taa ya mbele?" Nikasema ipo, inawaka. Akasema atakuja Jumamosi na nisiguse kitu.

Alifika kwa bodaboda saa tatu, koti juu ya koti, na mfuko wa shule mgongoni.

"Kamwene."

"Kamwene. Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mama hajambo? Mwite, tunamhitaji."

Mke wangu akatoka na kikombe cha chai mkononi. Mzee akamsimamisha mbele ya trekta, akaniambia niwashe taa ya mbele, nikae, nigeuze ufunguo na kuushikilia kwa sekunde mbili. Ta.

"Mama, taa imefanyaje?"

"Haijafanya kitu mzee. Imepungua kidogo tu, kama mtu aliyekonyeza."

Mzee akanigeukia. "Basi betri yako haijaitwa kazini."

Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza kwa masikio yote mawili. Akaeleza hivi, huku akivua saa na pete na kuviweka mfukoni, nami akaniamuru nivue yangu, kwa kuwa pete ikigusa chanya ya betri na bodi ya trekta kwa pamoja inakuwa nyekundu kabla hujaita jina la mama yako. Ukigeuza ufunguo taa ikazimika kabisa, ama betri imekufa ama umeme unakatikia pale pale kwenye vichwa vya betri. Taa ikififia sana na stata ikajikokota, betri ni dhaifu, au stata yenyewe imeshika na inakula kupita kiasi. Lakini taa ikibaki karibu vile vile na stata haizunguki, maana yake umeme mwingi haujatoka kwenye betri kabisa. Kuna kitu njiani kimeubana. Betri nzima, hata ungenunua ya lori, itakaa pale imevimba kwa nguvu zake na hakuna anayeipa kazi.

Nikamwambia lakini fundi mmoja alipima mwisho wa waya wa stata, ukiwa umefunguliwa, akakuta volti 12. Akacheka. Akanionyesha mpira wa maji unaoshuka kutoka tangi langu la juu kwenda kwenye miche. "Ukiufunga huu mwishoni, halafu ukaukunja katikati, mwishoni pana presha?" Ipo, nikasema, ileile. "Na ukifungua?" Inadondoka matone. "Sasa yeye alikupimia mpira uliofungwa."

Kwenye mfuko alitoa mita ya mshale, kioo chake kimepasuka na kuzibwa kwa gundi. Alisema za kidijitali ni nzuri lakini zinarukaruka namba wakati stata inavuta, na macho ya mzee hayawahi. Mshale unaonyesha mwendo: unaona kitu kinavyoanguka na kinavyorudi. Kabla ya kupima chochote alizima uwashaji kwa kuchomoa waya mwembamba wa koili ya cheche ili injini isije ikawaka ghafla tukiwa tumeinama, akahakikisha gia iko huru, akaweka jiwe mbele ya gurudumu na jingine nyuma.

Halafu akaganda.

Chini ya pedali ya klachi pana swichi ndogo ya usalama. Usipokanyaga klachi, ufunguo haupeleki umeme kwenye solenoidi. Mtu fulani zamani alishazikata zile waya mbili na kuzisokota pamoja, kisha akazifunga kwa selotepu, ili trekta likubali kupigwa stata hata likiwa gia. Nilikuwa najua. Nilikuwa naona ni msaada. Na nikakiri kubwa zaidi: zile siku za hasira nilishawahi kusimama pembeni na kugusanisha bolti mbili za solenoidi kwa bisibisi, kama nilivyoona wengine wakifanya.

"Ulisimama wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Mbele ya gurudumu la nyuma, kwa kuwa ndipo mkono unapofikia.

Hakusema kitu. Aliangalia gurudumu, akaniangalia miguu, akaangalia tena gurudumu. Kisha akasema hatapima hata volti moja mpaka ile swichi irudi kwenye kazi yake. Ikachukua nusu saa: ilikuwa nzima, imejaa tu udongo na grisi iliyokauka. Tukaisafisha kwa petroli kidogo kwenye kitambaa, mbali na betri, tukaunga waya, tukajaribu: bila klachi, kimya, na klachi, ta. Akaridhika.

Sehemu inayofuata nitaieleza taratibu maana ndiyo niliyotamani mtu angeniandikia miaka miwili iliyopita.

Alianza na betri yenyewe. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, mimi nikapiga stata. Mshale ulitoka 12.6 ukashuka mpaka 11.4, ukakaa hapo. "Ona, haijashuka hata chini ya 11. Betri inayofanya kazi kweli inaruhusiwa kuanguka mpaka karibu 9.6." Akaniambia andika. Sikuwa na daftari, nikaandika kwa kalamu ya bluu kwenye boksi la betri mpya.

Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na minne nimelichora ubaoni bila kulielewa mikononi. Aliweka ncha zote mbili za mita upande mmoja wa njia. Nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri, kwenye risasi yenyewe katikati, si kwenye kibano. Nyeusi kwenye bolti ya stata, mwisho wa safari. Mita ikasoma 12.6, na lazima iwe hivyo, maana solenoidi bado imekata njia na umeme umelala. "Piga." Mshale ukaanguka hadi 2.2 ukabaki. Volti mbili na pointi mbili zinapotea kwenye kitu kinachoitwa waya tu! Kikawaida, akasema, ukiona zaidi ya nusu volti upande huo, uliza maswali.

Akaanza kumfuata mwizi hatua kwa hatua. Kichwa cha betri hadi sikio la waya upande wa solenoidi: 0.1. Bolti hadi bolti ya solenoidi, kupitia ile sahani ya ndani: 0.2, ni mpya, ina haki. Bolti ya solenoidi hadi bolti ya stata: 1.9.

Waya wenyewe ulikuwa na urefu wa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Kwa macho haukuwa na kasoro, mweusi, mnene, safi. Mzee aliniambia nipige stata mara tano kwa kuachia nafasi, kisha akapitisha vidole kwenye masikio ya waya moja baada ya jingine, polepole, kama mama anayepima uji wa mtoto. La kwanza baridi. La pili baridi. La tatu akanyanyua mkono haraka. "Gusa." Lilikuwa la moto, na harufu ya mpira ulioungua ilibaki kwenye kidole changu mpaka mchana.

Kichwani nikafanya hesabu, hatimaye. Ukichukulia ampea 80 tu zinapita hapo, mara volti 1.9, ni wati 152. Ni sawa na kubana balbu mbili na nusu za zamani za wati 60 ndani ya sentimita chache za waya, halafu ukashangaa kwa nini stata haina nguvu.

Tukaufungua. Akaanza kwa kuondoa waya wa hasi kwenye betri, kama ilivyo sheria: hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho, ili spana ikigusa bodi kusitokee cheche juu ya betri, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Alipochana mpira wa waya kwa kisu, kilichotoka ndani kilikuwa vumbi la kijani. Nyuzi za shaba karibu na sikio zilikuwa zinakatika kwa kucha, kama majani makavu. Miaka ya ukungu na asidi ilikuwa imeingia kwa mdomo wa sikio na kupanda juu ndani kwa ndani, nje pakabaki pazuri. Katikati zilikuwa zimebaki nyuzi chache nzima. Hizo chache zinatosha kabisa kupitisha umeme wa kuwashia mita au balbu ya kupimia, ndiyo maana kila aliyepima bila mzigo alikuta volti 12.

Nilidhani tumemaliza. Nikaulizia chai. Mzee akasema, "Umeme una kwenda na kurudi, mwalimu. Tumepima kwenda."

Upande wa kurudi ndio watu wengi wanaousahau, mimi nikiwa mwenyekiti wao. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya stata yenyewe. Piga. 1.2. Akagawanya tena: betri hadi fremu 0.1, fremu hadi injini 0.1, injini hadi bodi ya stata 1.0.

Hapa inabidi nieleze stata ya hili trekta, maana si kama ya gari. Haina ile bendi, gia ndogo inayoruka na kushika meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Ni kitu kimoja chenye kazi mbili, stata na dainamo kwa pamoja, kinachoshikana na injini kwa mkanda. Ukigeuza ufunguo kinakula umeme na kuzungusha injini kupitia mkanda. Injini ikishawaka, mkanda huo huo unakizungusha chenyewe, nacho kinageuka dainamo na kurudisha chaji kwenye betri. Ni ubunifu wa watu waliokuwa wanabana matumizi, naupenda kwa moyo wote. Lakini hakina waya wa hasi. Kinapata bodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi, kupitia mkono wa chuma na bolti zinazokishikilia kwenye injini, na bolti moja kati ya hizo iko kwenye mfereji ili uweze kukivuta na kukaza mkanda.

Na pale, chini ya kila bolti, juu na chini ya mkono wa chuma, palikuwa na rangi ya njano. Nzito. Inayong'aa. Yule muuzaji alishafungua kila kitu, akapuliza kila kipande pande zote kwa upendo, akakifunga tena. Umeme ulikuwa unajipenyeza kwenye ringi za bolti tu, mahali rangi ilipochubuka kwa bahati.

Nilikwangua rangi ile kwa msasa mimi mwenyewe, mpaka chuma kikawa cheupe kama sarafu. Mzee akapaka grisi kidogo kuzuia kutu, kisha akaongeza waya wa bodi kutoka kwenye stata moja kwa moja hadi kwenye fremu. Kwa upande wa chanya tulikata kipande cha waya wa betri wa lori, shaba tupu, wa milimita za mraba 35. Masikio akayabana na kuyajaza risasi ya kulehemu. Vichwa vya betri vilikuwa na ukungu mweupe kidogo. Akatoa kopo la jemu lenye magadi, yale yale ya maharage, akayakoroga kwenye maji ya moto na kumimina. Yalichemka na kutoa povu kama kitu kilichokasirika, yakatulia, akasuuza. Mke wangu akasema sasa anajua magadi yake yanakoishia.

Saa nane kasoro nikakaa kwenye kiti. Klachi, ufunguo.

Lilizunguka. Si kujikokota, lilizunguka, tuf-tuf-tuf-tuf, mpaka nikaachia ufunguo kwa mshtuko.

Mzee alikuwa ameacha mita kwenye betri. Nikaangalia mshale wakati wa kupiga mara ya pili na moyo ukanidunda: ulianguka hadi 10.6, chini kuliko asubuhi. Nikamwambia mzee, betri imekuwa mbovu zaidi. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasubiri, kama ninavyowasubiri wanafunzi wangu, nijibu mwenyewe.

Asubuhi njia ilikuwa imebanwa, umeme uliopita ulikuwa mdogo, betri haikuchoka, ndiyo maana ilionekana ina afya. Sasa njia iko wazi, stata inavuta kwa nguvu, betri inabeba mzigo wake wote kwa mara ya kwanza, lazima iiname. Upande wa kwenda sasa ulikuwa 0.2. Upande wa kurudi 0.1. Stata ikawa inapata zaidi ya volti 10, wakati asubuhi ilikuwa inapata 8.0 tu. Na ile betri ya kwanza, iliyoonekana imechoka kwa 12.4? Ilikuwa imepungukiwa chaji kama robo hivi, hakuna zaidi. Iko kwenye banda la kuku mpaka leo, inawasha taa.

Kuwaka kwenyewe kulichelewa kidogo zaidi. Tuliporudisha waya wa koili ya cheche, injini ilizunguka vizuri bila kushika. Plagi haina cheche. Kohler hizi zina pointi, vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, ndani ya kifuniko kidogo ubavuni mwa injini, nazo zilikuwa na utando wa kijivu wa kukaa muda mrefu. Mzee alipitisha kipande cha kadi ngumu ya mwaliko wa harusi katikati yake mara kadhaa, akakataa katakata msasa wangu kwa kuwa unaacha punje, akapima mwanya kwa fila geji, kipimo cha vibati vyembamba: inchi 0.020, yaani nusu milimita. Dakika kumi. Nikageuza tena na likashika, likatoa moshi wa bluu wa miaka yote, na upande wa pili wa uzio nikasikia ndoo inawekwa chini.

Tulikuta jambo la mwisho injini ikiwa inaunguruma: mita kwenye betri ilibaki 12.3, haipandi. Mkanda ulikuwa umelegea baada ya kuhamisha mkono wa stata, dainamo haizunguki vya kutosha. Tukaukaza, ukawa unabonyea kidogo tu kwa kidole gumba, mshale ukapanda taratibu hadi 14.

Nilitaka kumpa mzee ulanzi, ile pombe ya mianzi, akaniambia msimu umekwisha na mimi ninajua. Hela alichukua kiasi, chini ya nilivyotegemea, lakini aliomba miche sita ya parachichi iliyobebeshwa, akachagua mwenyewe mmoja mmoja akiangalia kiungio. Kingine alichoondoka nacho ni kile kipande cha waya ulioliwa, amekifunga kwenye gazeti. Ana vijana wawili anaowafundisha. Alisema atawapa wakipime kwanza bila mzigo, waseme ni kizima, ndipo awaletee kisu.

Mimi nilimwambia tu kwamba akinyoosha mkono darasani kwangu siku moja sitashangaa.

Lile boksi la betri nimelitundika ukutani kwenye banda la trekta, na namba za siku ile: 2.2, 1.2, halafu 0.2, 0.1. Mwezi wa saba, asubuhi ambayo sakitu ilikuwa imeweka weupe juu ya majani ya viazi, nilishuka na mita kabla ya chai. Klachi, ufunguo, lilizunguka zito kidogo kwa baridi, mafuta ya injini yakiwa yameganda, likashika mara ya pili. Upande wa kwenda 0.2. Upande wa kurudi 0.1. Nimeziandika chini ya zile nyingine, na tarehe.